Kiboko Hapigwi Chapa

Juzi mmoja wenu, vijana wa karakana, alinipigia simu. Alitaka kujua kwa nini kiboko wetu wa mbao ana alama ya karakana chini ya ubao aliosimama juu yake, wakati ng'ombe anayo pajani, na lori na treni vinayo mlangoni. Akasema kwenye kompyuta inaonekana kama kosa, na kwamba wameshamhamishia alama pajani ili vichezeo vyote vifanane. Nikamwambia mchoro huo usitoke mlangoni mpaka niandike. Sasa naandika. Muda ninao, na mke wangu amefurahi kuona nimepata shughuli mbali na jiko lake.

Nilifika karakana nikiwa mchora mabango. Kama umewahi kupita mjini Mpanda ukaona saluni ya kiume ambayo kichwa kwenye bango kina sikio moja juu ya jingine, usilaumu mwenye saluni, nilichora mimi. Mama Yustina, mwenye karakana, alikuwa mwalimu wa chekechea aliyechoka kuwapa watoto vizibo vya soda wachezee. Akafungua kibanda pale Kawajense, akaanza kuokota vipande vya mninga vilivyobaki kwa mafundi vitanda na kuvigeuza kuwa wanyama na magari. Alipoona wanyama wamekuwa wengi akaniita nije niwapake rangi.

Siku ya kwanza nilikwenda na makopo yangu ya rangi ya mafuta, nimevaa shati safi la kuonyesha kwamba mimi ni msanii. Mama Yustina alifungua kopo moja, akanusa, akanitazama.

"Gaudensi, hii ukiilamba inakuwaje?"

Nikamwambia sijawahi kulamba bango.

"Mteja wako mpya atalamba," akasema. "Mtoto mdogo haanzi kwa kuangalia. Anaanza kwa mdomo."

Makopo yakarudi nyumbani siku hiyohiyo, na mimi na shati langu tukapewa msasa. Nilipiga msasa miguu ya twiga mpaka nikaota twiga. Nyie mnaoingia karakana na kukabidhiwa kiti cha kuzunguka siku ya kwanza, mkumbuke kwamba kuna mtu alianzia kwenye miguu ya twiga.

Mchongaji wetu alikuwa Fundi Dismas, Mpimbwe wa Majimoto, mtu mwenye mikono ya ajabu na hali ya hewa yake mwenyewe. Akiamka vizuri, kiboko anatoka mnene anacheka. Akigombana na mkewe, twiga anatoka amenuna. Ulikuwa unaweza kuangalia rafu ya wiki nzima ukajua habari za nyumbani kwake bila kumuuliza. Wateja walipenda kitu kimoja kimoja, lakini mwenye duka aliyetaka seti alikuwa anakwama. Siku moja Mama Yustina alipanga wanyama wote juu ya meza ya kazi, akatuita sote wawili.

"Hawa ni ndugu?" akauliza.

Dismas akasema ni ndugu kabisa, wote wamezaliwa na yeye.

"Baba mmoja, mama mbalimbali," akasema Mama Yustina. "Mtoto akiwa na huyu wa kwanza, akimwona huyu wa pili dukani hatajua kwamba wanaishi nyumba moja. Gaudensi, nataka uwafanye wawe ukoo."

Kazi hiyo ya kuwafanya ukoo ndiyo niliyoifanya maisha yangu yote yaliyobaki, ingawa wakati ule nilidhani ni kazi ya wiki moja.

Nilianza vibaya, kama ilivyo ada. Nilidhani ukoo ni rangi moja, nikawapaka wote manjano kuanzia pua mpaka mkia. Mninga una wekundu wake, na wekundu ule ulichungulia kupitia manjano mpaka wanyama wote wakaonekana wana homa. Nikapaka tena juu yake. Wakaonekana wana homa na wamevaa koti. Dismas alifurahi kwa siku kadhaa. Mwishowe Mama Yustina akaniambia nikae chini nitazame mbao kabla sijazifunika, na nilipozitazama nikaona kwamba rangi ya ukoo tulikuwa nayo tayari, bure, ndani ya mninga wenyewe. Basi tukauacha mwili mtupu, tukausugua mafuta ya alizeti, na rangi tukaiweka sehemu chache tu: kwato au magurudumu, jicho, na mstari mmoja wa kijani pembeni mwa ubao wa chini. Mpaka leo mnafanya hivyo, na kuna mmoja wenu aliyemwambia mgeni kwamba ni wazo lake. Nimesikia, nimemsamehe.

Jicho lilitusumbua zaidi. Ukichora jicho kwa brashi, kila asubuhi mkono wako ni mtu mwingine. Nilijaribu vijiti, vizibo vya kalamu, hata mbegu. Dawa ikawa kichwa cha msumari wa inchi sita. Unakichovya kwenye rangi nyeusi, unasubiri tone la ziada lianguke, unagusa mara moja na kuinua. Usizungushe. Ukizungusha, mnyama anapata makengeza. Tangu siku hiyo kiboko, twiga, ng'ombe na hata dereva wa treni wakawa wanatazama dunia kwa jicho lilelile, na Dismas akinuna, kununa kwake hakukufika usoni mwao.

Violezo vya umbo nilivikata kwenye picha za eksirei zilizotupwa, maana ni ngumu na hazilowani. Kiolezo cha twiga kilitoka kwenye picha ya mguu wa Dismas mwenyewe, alipoanguka na pikipiki njia ya Majimoto. Kwa hiyo kila twiga aliyetoka karakana yetu alipita kwenye mfupa wa Dismas. Yeye alilichukulia jambo hilo kama heshima.

Halafu tukafika kwenye alama. Tulihitaji alama moja ndogo ya kukaa kwenye kila kitu, na Mama Yustina alikuwa na masharti yake. Iwe ya kupigwa kwa brashi mara mbili tu, ili fundi yeyote aiweze. Na mtoto wa chekechea aweze kuichora mchangani kwa kidole. Nilichora jua, nyota, jani, kikombe, mkono. Watoto walichora jua langu likatoka buibui. Nilikaribia kukata tamaa, mpaka asubuhi moja, bila hata kufikiri, nikapiga nusu duara iliyolala chali na mstari mfupi ukishuka chini yake. Mara mbili tu. Niliipiga kwenye paja la kushoto la ng'ombe aliyekuwa mbele yangu, nikaona imekaa pale kama imezaliwa pale. Mimi niliona mdomo unaocheka wenye ndevu. Mama Yustina aliona kikombe. Watoto waliichora mchangani mara ya kwanza bila kukosea. Nilijisifu sana. Nilimweleza kila mtu kwamba ubunifu ni kitu kinachokujia chenyewe ukiwa umetulia.

Tukaiweka kwenye kila kitu. Ng'ombe, kiboko, twiga, lori, treni, maboksi, mpaka aproni zetu. Wachache wa kwanza waliuzwa kwenye masoko ya karibu. Mama Yustina akapata maduka Sumbawanga na Mbeya yaliyotaka seti nzima, na akaingiza kila alichokuwa nacho kwenye shehena ile moja. Tulichonga, tukapaka, tukafunga. Kibanda kilijaa maboksi mpaka tukawa tunaingia kwa ubavu.

Hapo ndipo akaja Luhende. Alikuja asubuhi kwa pikipiki kutoka Majimoto, vumbi mpaka kwenye nyusi, na nyuma kwenye keria alikuwa amefunga ng'ombe wetu mmoja wa mbao kwa mpira, kama mbuzi anayepelekwa mnadani. Alikuwa mtu wa rika langu, Msukuma, mnunuzi wa mpunga. Dismas alikuwa anamfahamu kwa sura, akamsalimu kwa Kisukuma, mwangaluka, naye akaitika vizuri tu. Kisha akamfungua ng'ombe, akamweka mezani.

"Nimekuja kuhusu ng'ombe," akasema. "Nyie ndo mnazitengeneza hizi?"

Mama Yustina akasema ndiyo, karibu, ungependa ngapi?

"Mimi sinunui ng'ombe zangu mwenyewe."

Akaweka kidole pajani, juu ya alama.

"Hii chapa ya baba yangu. Pembe na shingo. Baba aliipiga kwenye kila ng'ombe yake toka tunahama kule kaskazini, mpaka tunafika huku. Sasa nakaa sokoni Majimoto, watu wananifuata wanasema, Luhende, ng'ombe zako tumeziona kwa mama wa karanga, zinauzwa na watoto wanazivuta kwa kamba. Watu wanacheka. Nataka mfute."

Mama Yustina aliyatazama maboksi. Mimi pia niliyatazama. Kufuta maana yake ilikuwa kufungua kila boksi, kupiga msasa kila paja, na kuwaambia wenye maduka wasubiri, na wenye maduka hawasubiri. Karakana ilikuwa haina pumzi ya pili. Tungefunga. Kwa kuwa nilikuwa nimejisifu sana kuhusu alama hiyo, nikaona nijitetee.

"Mzee mwenzangu," nikamwambia, "hii nimeibuni mimi. Imetoka kichwani mwangu."

"Imeingiaje humo?" akauliza Luhende.

Sasa niwaeleze kwamba pembeni ya mlango alikuwa amekaa mama yangu. Mikia yote ya ng'ombe wetu wa kwanza aliisokota yeye, kwa katani, na alikuwa haongei wakati wa kazi isipokuwa pale penye sababu. Akaweka mkia chini.

"Nionyeshe huyo ng'ombe," akasema.

Luhende akampelekea kwa mikono miwili, kwa heshima. Mama akamsogeza karibu na macho, akamgeuza.

"Hii alama naijua," akasema. "Niliiona ikitoka kwenye mahindi yangu Kasokola."

Luhende akashtuka, akamwita mama kwa Kisukuma. "Mayu, ng'ombe za baba?"

"Sikuwauliza majina. Walikuja wakati mahindi yanatoa ndevu. Huyu," akauokota mkia akaninyooshea, "alikuwa mdogo, nikamtuma awafukuze. Aliwafukuza siku nzima, wanatoka huku wanaingia kule. Anayefukuza ng'ombe haoni uso. Anaona mapaja."

Dismas ndiye aliyeanza kucheka, akashika meza. Mimi nilikuwa nimesimama na ubunifu wangu wote ukiwa umeanguka miguuni. Nilikumbuka kweli: jua, fimbo iliyonizidi urefu, na mapaja yale makubwa yakinitangulia yakiwa na alama upande wa kushoto. Mkono ulikuwa umeitunza miaka yote hiyo na haukuniambia.

"Na baba yangu alifanyaje, Mayu?" Luhende akauliza. Sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Alikuja mwenyewe. Mtu mrefu, kofia mkononi. Alileta mtama na maneno mengi mazuri. Mtama tulikula. Maneno nayakumbuka mpaka leo."

Luhende akavuta kigoda, akakaa. Kwa muda alikuwa anamfuta vumbi ng'ombe wa mbao kwa shati lake. Kisha akatueleza, bila kutazama mtu, kwamba ng'ombe za baba yake ziliisha. Nyingine zilikufa kwa ugonjwa, zilizobaki ziligawanywa mafungu, ndugu wakatawanyika, kila mmoja akauza. Hakuna ng'ombe hata mmoja aliye hai mwenye chapa ya pembe na shingo.

"Nilivyomwona huyu kwa mama wa karanga, nilikasirika," akasema. "Ila kabla sijakasirika, nilifurahi. Ndo maana nikakasirika zaidi."

Nilimhurumia sana. Nilikuwa nimejiandaa kubishana na mtu mkali, nikajikuta nataka kumpa chai. Mama Yustina, aliyezoea kunyamazisha darasa kwa swali moja, akamuuliza, "Tukifuta, Bwana Luhende, itabaki wapi?"

Chai ikaja, Luhende akanywa, akaomba ya pili. Halafu akasema neno ambalo wengine hatukulijua vizuri, kubilisa. Wasukuma, mtu akiwa na ng'ombe na asiweze kuwatunza wote, humkabidhi mwenzake awachunge. Maziwa na mbolea ni vya mchungaji. Ng'ombe wanabaki kuwa wa mwenyewe. Wakizaa, mwenyewe anajulishwa. Akifa mmoja, mchungaji anapeleka ngozi, ili isije ikasemwa kwamba aliliwa kwa siri.

"Chapa haiuzwi," akasema. "Na mimi sitawaachia bure mkafanya mnavyotaka. Lakini nawabilisa. Mchunge. Maziwa yenu, ng'ombe zangu. Na kila zikizaa mniletee ndama mmoja nimuone."

Mama Yustina akaweka mkono kifuani akashukuru. Nikaona jambo limekwisha, nikaanza kupumua. Lakini Luhende alikuwa ameshainuka, anatembea kati ya rafu kama mtu anayekagua zizi, na alipofika kwa viboko akasimama.

"Na huyu?"

Nikamweleza kwamba huyo ni kiboko, na kwamba vichezeo vyote lazima viwe na alama mahali pamoja ili mtoto avitambue kuwa ni ukoo. Nilieleza vizuri sana, kwa mikono.

"Kiboko hapigwi chapa," akasema. "Kiboko wa serikali. Ukimpiga chapa maana yake unasema wako, na ukisema wako unakwenda kufungwa. Baba yangu hakuwa mwizi wa wanyama wa serikali. Na twiga vilevile. Nani alimkamata twiga akamlaza chini?"

Nikasema lori je? Lori limenunuliwa, akasema, mwenye lori anaandika anachotaka mlangoni. Treni? Alifikiri. Treni nayo ya serikali, lakini treni imezoea kuandikwa. Nilibishana naye kuhusu kiboko mpaka chai ikapoa. Ukoo wangu wote niliouhangaikia ulikuwa unavunjika kwa ajili ya paja moja. Mama yangu akatuchoka.

"Huyo kiboko amesimama juu ya ubao," akasema. "Ubao ni wa nani?"

Ubao ulikuwa wetu, wa mninga, tuliuokota kihalali. Luhende akakubali kwamba ubao unaweza kupigwa chapa. Ndiyo maana, vijana wangu, wanyama wa porini wana alama chini na si pajani. Mapaja ya viboko na twiga tuliyapiga msasa siku ileile, sote, pamoja na Luhende, aliyevua koti na kusugua kuliko mimi. Ng'ombe hatukuwagusa. Shehena iliondoka kwa wakati. Na nikagundua kitu ambacho sikukijua nilipokuwa nabishana: watoto wanapenda sana kumgeuza mnyama juu chini na kukuta kitu. Hilo nalo msiseme ni wazo lenu.

Baada ya hapo kazi iliendelea kama mnavyoijua, isipokuwa kwamba sisi tulikuwa wachungaji na tulichukua uchungaji wetu kwa uzito. Kila tulipotoa ng'ombe wa umbo jipya, wa kwanza alipelekwa Majimoto, naye Luhende alimkagua meno, ingawa meno hatukuchonga. Ng'ombe akipasuka kwenye kukaushwa, tulikata kipande chenye alama tukampelekea kama ngozi. Mwaka mmoja mbao zilikuwa mbichi, wakapasuka wengi, akapanda pikipiki akaja kutuuliza tunalisha nini. Dismas akamwambia ni ukame. Wakagombana kwa raha zao mpaka jioni.

Mama yangu alifariki, na Luhende alikuja kwenye msiba na gunia la mpunga. Dismas alirudi kwao kulima. Mama Yustina alipunguza kazi na kuja siku za kulipwa kodi tu, kuona kama bado tunanusa rangi kabla ya kupaka. Nyie mkaja, na kompyuta zenu. Sina ugomvi nazo. Zinachora jicho la mviringo kamili, na umeme ukikatika mnarudi kwenye msumari wangu kimyakimya.

Siku niliyoaga, mlinipa saa ya ukutani na keki, na mkasema maneno ambayo nusu yake yalikuwa kweli. Mlipoondoka nilibaki nafunga dirisha, nikasikia kirikuu kinaegeshwa nje. Alikuwa Luhende. Nywele zimekuwa nyeupe, na pikipiki ameiacha kwa sababu ya mgongo.

"Mchungaji akimaliza kazi yake vizuri haondoki mikono mitupu," akasema. "Njoo."

Nyuma ya gari alikuwa amesimama mtamba mwekundu, wa nyama na damu, ananitazama kwa dharau. Luhende akanishika mkono, akanizungusha upande wa kushoto. Pajani kulikuwa na kovu jipya linalopona, nusu duara iliyolala chali na mstari ukishuka. Nililigusa pembeni kwa kidole, ngozi ikatetemeka. Machozi yalinitoka, na sikuyaficha.

Kisha nilimuuliza kama anao wengine. Akasema ameanza tena, wachache, wanamtosha. Nikamuuliza kama chuma cha chapa ni kile cha baba yake.

"Kile kilipotea zamani, tukigawana," akasema. "Nilienda kwa fundi chuma, akaniomba mfano. Nikampa ng'ombe yenu ya mbao. Akaniuliza, mzee, hii chapa ilikuwa wapi siku zote? Nikamwambia ilikuwa malishoni."